Jicho linatoka nje halafu linarudi: mama, usikubali kuambiwa hujaona

Juzi nimeposti picha ya binti yangu na begi lake la shule nikaandika tu macho yametulia alhamdulillah, sikutegemea inboksi ingejaa vile. Kuna dada mmoja wa Newala kaniandikia ujumbe mrefu, mwanae wa kiume ana miaka minne, akiangalia mbali jicho moja linakimbia nje upande wa sikio, ukimwita linarudi, kampeleka zahanati kaambiwa mtoto hana shida, atakua litaacha lenyewe. Nimesoma moyo ukaniuma upya maana hayo maneno nayajua, mpaka sauti yanavyosemwa naijua. Basi nawajibu wote hapa.

Kwanza tuelewane tunaongelea makengeza gani. Sio yale ya jicho kuingia ndani kwenye pua, na sio yale yanayokaa hivyo asubuhi mpaka usiku. Hili linatoka nje na kurudi. Linatoka mtoto akichoka, akiwa na homa, akisinzia, akizubaa, akiangalia mbali, na kwenye jua kali anafumba jicho moja. Wangu baba yake alimpeleka mpira uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, jua la saa tisa, wenzie wote macho mawili uwanjani yeye la kushoto kalifumba mchezo mzima. Halafu jioni nyumbani Chuno, amekaa barazani anaangalia wapita njia, namuona kwa ubavu jicho lile linaondoka taratibu kuelekea sikioni, nikisema "we, nakuita," anapepesa mara moja, limerudi. Ukimuuliza hajui chochote. Hajui kwa sababu ubongo wa mtoto ukipata picha mbili zisizolingana unaizima moja, kwa hiyo haoni mbili mbili wala halalamiki, na ndio maana watu wanadharau.

Sasa mpeleke hospitali asubuhi, katoka kulala, kachangamka, anaogopa sindano, kamkazia macho mtu aliyekaa mbele yake karibu kabisa. Hilo jicho litatoka saa ngapi? Mimi niliambiwa mbele ya foleni nzima kwamba nina wasiwasi wa mtoto wa kwanza, na aliyesema alimmulika tochi mara moja tu. Sitaji wapi. Ila bado linaniuma, maana nilirudi nyumbani na lile jibu na mama mkwe akapata nguvu ya kusema kwa sauti alichokuwa ananong'ona, kwamba nilimcheka mwenye makengeza nikiwa na mimba. Sijamcheka mtu mimi. Na wala makengeza hayaji kwa kucheka, jamani, tuache kuwabebesha akina mama.

Kilichoniokoa ni simu. Rekodi video jioni, mtoto kachoka, mwanga uwepo wa kutosha, aangalie mbali kabisa, usimwite jina wala usimwambie tazama huku maana akikuangalia tu wewe jicho linarudi. Andika pia linatoka saa ngapi, mara ngapi kwa siku, na likitoka linarudi lenyewe akipepesa au linakaa muda. Daktari wa macho niliyempata baadae aliiangalia ile klipu akairudia, akamwambia mwanangu atazame mwembe ulioko nje ya dirisha, akamziba jicho kwa kile kijiko cheusi, kuachia tu jicho lilikuwa limeshaenda zake nje. Hapo ndo nilipumua. Mwaka mzima naonekana muongo!

Na hili ndo nataka mlishike: kwa jicho la namna hii swali sio lipo au halipo. Swali ni mtoto analimudu kiasi gani, na anayejua hilo ni wewe unayekaa nae jioni.

Kisha akampima na kitabu chenye picha ya nzi mkubwa, unamvalisha mtoto miwani maalum unamwambia amshike nzi mabawa. Mwanangu alishika hewani, vidole viwili vimebana juu ya karatasi, halafu akarudisha mkono kwa woga. Daktari akafurahi, akasema ameona bawa limenyanyuka, maana yake ubongo bado unatumia macho yote mawili kwa pamoja, tukilinde hicho. Tukapewa miwani na tarehe ya kurudi. Hakuna kisu. Niliudhika kidogo lakini alikuwa sawa, kuna utafiti wa Marekani wa 2019 uliofuatilia watoto 183 wa miaka 3 mpaka 10 bila kuwatibu, ndani ya miaka 3 waliozidiwa walikuwa kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo ukiambiwa tusubiri huku tunapima, hiyo ni tiba. Ukiambiwa subiri halafu hujapimwa na hujapewa tarehe, hiyo sio kusubiri, hiyo ni kufukuzwa.

Kuna jambo moja tu halisubiri: ukiona mboni inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha za flashi, nenda wiki hiyohiyo, inaweza kuwa saratani ya jicho.

Wangu ndo akawa kwenye wale wachache ambao jicho linazidi kutoka. Jicho likaanza kukaa nje hata asubuhi, ukimwita halirudi haraka, na siku ya kliniki akaletewa yule nzi akaweka kidole moja kwa moja kwenye karatasi. Nilijua kabla sijaambiwa. Tukasubiri hela ya korosho, tukapanda basi kwenda Dar, tukafikia kwa shangazi Mbagala. Huku kwetu Mtwara anzieni hospitali ya Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, na wa Masasi mna Ndanda, rufaa itawapeleka Muhimbili, CCBRT au KCMC Moshi.

Operesheni yenyewe watu wanatutishia kwa uongo. Jicho halitolewi likawekwa mezani! Kila jicho lina misuli 6 inayolizungusha, daktari anapita kwenye ngozi nyembamba ya juu ya weupe wa jicho, anausogeza msuli kwa milimita chache na kuushona upya. Anaweza kulegeza msuli wa nje wa macho yote mawili, au kwenye jicho moja akalegeza wa nje na kukaza wa ndani, kama nahodha anavyolegeza kamba huku na kukaza kule mpaka tanga likae. Mtoto anapewa nusu kaputi kwa hiyo hali kitu kabla, na hapo bibi asimpe chai kwa huruma, akila wanaahirisha.

Alipoamka macho mekundu, machozi yana damu damu, na jicho limeingia ndani kidogo. Siku ya pili akaniambia mama una vichwa viwili. Nilitetemeka, ila nilishaambiwa kwamba mara nyingi wanazidisha kidogo kwa makusudi kwa sababu jicho hili lina tabia ya kurudi nje, kuona mbili mbili kwa mwanzo kunapita. Kwake kulipita. Nyuzi zinayeyuka zenyewe, wekundu unachukua wiki kadhaa, dawa ya matone usiruke, na baharini asiguse wiki mbili za mwanzo hata akilia vipi.

Sasa akina baba, na nyie akina shangazi mnaosema operesheni ya makengeza ni urembo. Sio urembo. Mtoto akipoteza kutumia macho mawili kwa pamoja anapoteza kupima umbali, na kumrudishia baadae ni kazi ngumu. Na nyie walimu, mtoto anayefumba jicho moja juani mstarini msimchape kwamba anakonyeza, mwambieni mzazi.

Ila msiende mkidhani kisu kimoja kinamaliza kila kitu. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2019 uliwafuatilia watoto 197 waliofanyiwa, baada ya miaka 3 matokeo hayakuridhisha kwa asilimia 46 ya waliolegezwa macho mawili na asilimia 37 ya waliofanyiwa jicho moja, na madaktari wanahesabu tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kusema njia moja inaishinda nyingine. Wengine wanarudia operesheni. Kwa hiyo tarehe za kliniki msiziache hata kama macho yamenyooka. Mwanangu mwezi uliopita alipata mafua makali na nililiona jicho limetoka kidogo jioni moja, likarudi alipopepesa. Nimeshalirekodi, tunaenda nalo Januari.