Anakojoa vitone, tena vyenye damu

SWALI: Daktari, mbwa wangu jike ana miaka 11. Tangu juzi anachuchumaa kila mara, vinatoka vitone tu, na leo nimeona damu. Nina vidonge vya antibayotiki nilivyobakiza mwenyewe. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Dozi yako si yake, na vidonge viwili vitatu vitavuruga kipimo tu. Huenda ni maambukizi ya kibofu, lakini mawe au uvimbe huanza vivyo hivyo. Kinga mkojo wa asubuhi kwa sahani bapa safi (majike huchuchumaa chini mno, bakuli halipiti), utie kwenye chupa safi, friji, kisha kwa daktari wa mifugo ndani ya saa chache. Mwombe aoteshe maabara bakteria waliomo kwenye mkojo huo, ajue ni wa aina gani. Kwa umri huo apime sukari na figo pia, maana kisukari hukaribisha maambukizi yanayojirudia. Maji asinyimwe, hata akilowesha zulia.

Hukuniambia kama amefungwa kizazi. Kama bado, na anakunywa maji kupita kiasi, hataki chakula au anatokwa usaha ukeni, usingoje asubuhi: kizazi kikijaa usaha huua. Akijikamua bila hata tone, mkimbize vilevile.