Kwa nini Samuel Palmer aliacha chapa chache

Ndugu, umeuliza kwa nini Samuel Palmer, mchoraji wa mashamba ya Kent, Uingereza, alikamilisha chapa 13 tu, yaani picha zinazochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba. Kazi yenyewe ni ya taratibu mno: unapaka nta kwenye bamba la shaba, unachora kwa sindano, kisha asidi inakula pale nta ilipokwanguka. Yeye alikuwa akifunika sehemu na kurudisha bamba kwenye asidi tena na tena mpaka giza likolee. Halafu alianza karibu 1850, miaka 45 tayari.

Alizaliwa London 1805, akakutana na mshairi na mchoraji William Blake 1824, kisha akahamia kijiji cha Shoreham, huko Kent. Kwangu mimi, hapo ndipo alipochora vizuri kuliko popote: mavuno, kondoo, mwezi mkubwa.

Itazame chapa yake "The Lonely Tower" (Mnara Mpweke) ya 1879. Taa moja juu mnarani, mwezi mwembamba, wachungaji wawili wameinua macho. Giza lote lile ni mistari tu, imesongamana kama nyasi.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1909 mwanawe, Alfred Herbert, alichoma daftari na michoro mingi ya baba yake.