Jibu: Pabu ya kijijini ya kuwapeleka wazee, karibu na Birmingham

Mkuu, umeuliza pabu (baa ya Kiingereza) ya zamani ya kijijini ya kuwapeleka wazee wako mkiwa Birmingham, na kama wasiokunywa pombe wataonekana kituko. Wala. Jumapili mchana wengi humo wamefuata chakula, wengine na watoto wao.

Mimi ningewapeleka The Fleece Inn, kijiji cha Bretforton, jirani na Evesham. Ilianza kama nyumba ya mkulima, ukoo mmoja ukaishika kwa karne kadhaa mpaka 1977, Lola Taplin alipofariki na kuwaachia National Trust, wale watunzaji wa majumba ya kale. Usipite bila kuangalia sakafu mbele ya meko: kuna miduara ya chaki, kinga ya kuzuia wachawi wasishukie kwenye dohani. Hapo wazee watakuwa na maswali!

Kwa Jumapili, chagua nyama ya ng'ombe ya kuoka. Kwa kawaida huja na viazi, mboga na Yorkshire pudding, ambayo si kitindamlo; ni kama andazi lisilo na sukari, la kufyonza mchuzi. Weka nafasi mapema. Na pabu nyingi mhudumu hakufuati mezani, unaagiza na kulipa kaunta.

Tan Hill Inn ya Yorkshire uliyoitaja ndiyo pabu iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528, ila Novemba 2021 theluji iliwafungia wageni humo usiku tatu. Na wazee? Hapana.