Muulize Fundi Bomba: Karatasi ya choo itupwe wapi?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina nyumba Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na vyumba vya juu nakodisha wageni. Juzi nilikuwa na mume na mke kutoka Brazil. Karatasi zote walizotumia walizitia kwenye ndoo kando ya choo, na msichana anayenisaidia kazi akakataa katakata kuimwaga. Walipoondoka akaja Mwingereza. Yeye kila kitu chooni, hata zile tishu zenye maji za kupangusia watoto, eti pakiti imeandikwa zaweza kutupwa chooni. Choo kikaziba, nikaita fundi. Nani yuko sawa? Na je, naweza kumdai yule mgeni pesa za fundi?
Bi Mkubwa, Kuze

JIBU: Waaleikum salaam, bi mkubwa. Wale Wabrazil hawakukosa adabu. Kwao ndoo kando ya choo ni jambo la kawaida, na Ugiriki vilevile, ambako mabomba mengi ya zamani ni membamba na karatasi huyaziba. Sisi tunaochamba kwa maji mambo haya hayatusumbui mpaka tupokee wageni.

Lakini pakiti ya Mwingereza usiiamini. Jaza maji gilasi mbili. Moja itie kipande cha karatasi ya choo, ya pili hiyo tishu yenye maji. Koroga kwa kijiko, ziache kidogo, koroga tena. Karatasi itakuwa uji, hata kuishika huwezi. Tishu utaitoa nzima, uikamue, na ukitaka uianike kambani! Karatasi ya choo ni nyuzi fupi zinazoachana zikilowa. Tishu zenye maji, nyingine zina nyuzi za plastiki, nazo zimetengenezwa zisichanike mkononi. Kwao Uingereza kwenyewe, mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilikutwa donge la mafuta na tishu hizo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Hilo ni bomba kuu la jiji, sembuse lako.

Maana nyumba za Mji wa Kale nazijua. Mawe na boriti vilitangulia, bomba likaja baadaye likapitishwa palipopatikana nafasi, kona juu ya kona. Na mfereji ukikauka, ukanunua mitungi ya mkokoteni, mgeni humimina kikopo kimoja akadhani kazi imekwisha. Karatasi inakaa kwenye kona ya kwanza ikingoja wenzake.

Kwa hiyo: siku tangi la juu lina maji, karatasi ya choo iende na maji, kidogo kidogo. Siku ya mitungi, iingie ndooni. Tishu zenye maji, sodo, nepi na pamba ni ndooni siku zote. Nunua ndoo yenye kifuniko cha kukanyaga, uitandike mfuko, ili msichana afunge na kutoa bila kugusa kitu. Alikataa kumwaga ndoo wazi, nami ningekataa. Mgeni akifika mweleze kwa mdomo unapomkabidhi funguo. Vibao vya ukutani hawasomi.

Pesa za fundi usimdai. Hukumwambia kitu, na pakiti ilimdanganya. Anayefuata, ukishamweleza naye akarudia, huyo mdai.