Mswaki kwenye kopo la brashi

Mkaguzi wa majengo wa kwanza kukanyaga studio yetu alikuwa mama wa makamo, tochi mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Alizunguka kimya karibu nusu saa. Alipofika kwenye meza ya mchoraji mmoja wetu alisimama, akatazama kopo la brashi, akachomoa mswaki wa meno katikati ya brashi za rangi.

"Na huu unapaka rangi gani?"

Hakuna aliyejibu. Usiku kucha tulikuwa tumehangaika: magodoro tumeyaegemeza ukutani tukayafunika kwa turubai za kuchorea, mablanketi tukayatundika jukwaani kama mapazia, na sote kumi na mmoja tumekubaliana neno moja, hapa halali mtu. Mswaki ukatuumbua.

Nimeendesha studio za pamoja katikati ya jiji kwa miaka mingi, katika maghala makuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeyataka, na ilani za wakaguzi wa jiji nimezipokea za kila aina. Nawaandikia wasanii wenzangu waliobandikiwa karatasi mlangoni wiki hii, wanaodhani jiji limeamka na kuwachukia. Huenda upo ukweli humo. Lakini kilichonigharimu mimi kuliko kukosa kibali ni kuficha.

Ukificha kitanda umemficha na anayekilalia. Zimamoto akifika usiku kwenye jengo ambalo kwa karatasi ni ghala, atajuaje kwamba kuna mtu amelala ghorofa ya tatu? Wasanii wa SoHo, New York, walilijua hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wakiishi kinyume cha sheria katika majengo ya viwanda, kwenye eneo ambalo wazimamoto walilibandika jina la "Ekari Mia za Jehanamu" kwa jinsi lilivyokuwa likiungua. Wakavutana na jiji mpaka wakaelewana: nje ya mlango kiwekwe kibao chenye herufi A.I.R., kuonyesha kwamba humu anaishi msanii, na yuko ghorofa ya ngapi. Kibao tu. Ruhusa ya kuishi SoHo ilikuja 1971, na sheria ya jimbo ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya aina ile ikapitishwa 1982. Huwa naitaja miaka hiyo kila ninapoambiwa kuwa tukiandamana Jumamosi, Jumatatu mambo yatakuwa yamekwisha.

Kisha kuna Oakland, California. Tarehe 2 Desemba 2016 ghala lililoitwa Ghost Ship liliungua katikati ya onyesho la muziki, wakafa watu 36. Watu walikuwa wakiishi humo, na jengo halikuwa na kibali cha makazi wala cha burudani. Hapakuwa na mfumo wa kunyunyizia maji, na ngazi moja ilikuwa imeungwaungwa kwa mbao za paleti, zile za kupakilia mizigo. Siku chache baadaye Baltimore ikalifunga jengo la wasanii la Bell Foundry, Denver ikalifunga la Rhinoceropolis, na waliokuwa wakilala humo wakajikuta nje, Desemba, baridi ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Habari ile ilinigawa mara mbili. Ngazi yetu ya kupandia dari nasi tulikuwa tumeiunga kwa paleti, na niliipanda kila siku nikijisifu kwa ubunifu. Papo hapo nilijua kwamba msanii anayetolewa bila pa kwenda hahamii penye usalama. Anahamia ghala bovu zaidi, na safari hii hamwambii mtu. Meya wa Oakland mwenyewe alitoa agizo Januari 2017 kwamba majengo ya namna hii, pasipo na hatari ya papo kwa papo, yarekebishwe bila kuwahamisha wakazi. Agizo kama hilo ulizieni katika jiji lenu. Kama halipo, hilo ndilo la kuliombea kikao na diwani, badala ya kwenda kumlalamikia kwamba mkaguzi alikuwa na sauti kali.

Ilani ikija, isomeni mstari kwa mstari mkiwa na kalamu mbili. Nyekundu ni kwa kinachoweza kuua usiku wa leo. Buluu ni kwa karatasi: matumizi ya jengo, ramani, kibali cha bango, maegesho. Ilani huyaandika yote kwa ukali uleule, na hapo ndipo wasanii wanapochanganyikiwa. Nimewaona watu wakichangishana wiki tatu kumlipa mchoraji ramani huku mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo.

Mlango wetu wa nyuma haukuwa na mnyororo. Ulikuwa na piano. Yule mama aliisukuma kidogo, haikusogea, akajipenyeza ubavuni mwake na kuvuta kitasa. Mlango ulifunguka kwa ndani, inchi nne, ukagota kwenye piano.

"Kaka, taa zimezimika, moshi umejaa, humu mko watu sitini mnausukuma mlango huu. Nani atarudi nyuma ili uvutwe?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Kumbe ndiyo sababu kanuni za majengo za miji mingi ya Marekani zinataka mlango wa ukumbi wa watu 50 au zaidi ufungukie nje: kundi lenye hofu halirudi nyuma. Na kundi hilo hukimbilia mlango lilioingilia hata kama kuna mwingine karibu zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye klabu ya The Station, Rhode Island, Februari 2003, walikokufa watu 100. Fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti iliyobandikwa ukutani, na ndani ya dakika moja na nusu hivi ukumbi haukukalika. Wanamuziki, nawasihi, kabla hamjabandika sponji mazoezini, ulizeni inaungua vipi. Ile ya godoro ni petroli iliyogandishwa.

Kalamu yetu nyekundu ilimalizika kwa siku nne: piano ikahama, mlango ukageuzwa bawaba, ngazi ya paleti ikavunjwa, kengele za moshi zikawekwa, na ekstensheni zilizochomekwa kwenye ekstensheni nyingine zikang'olewa. Moja yule mama alikuwa ameigusa kwa mgongo wa kiganja akauondoa upesi. Nilipoigusa mimi niliona aibu. Kila kazi tuliipiga picha, kabla na baada. Ya buluu ilichukua miezi kumi na minne. Tulichofanya ni kwenda ofisini na picha zetu, tukaomba muda kwa maandishi, tarehe kwa kila kipengele. Wakatupa. Msiende na hotuba kuhusu thamani ya sanaa, hata mkiwa na mshairi hodari. Sisi tulikuwa naye, na tulimwomba abaki nyumbani.

Mwenye jengo ni habari nyingine. Aliyewaambia "fanyeni mnavyotaka" ndiye atakayesema hakujua. Mara nyingi ilani huandikwa kwa jina lake, na kwa mwenye jengo anayetaka kupangisha kwa bei kubwa zaidi ni zawadi aliyoletewa mlangoni. Kila alichokubali kiwe kwenye ujumbe wa maandishi.

Kingine ni kuuliza ukaguzi umeanzia wapi. Mara nyingi umeanzia kwenye malalamiko, na mara nyingi mlalamikaji amehamia mwaka huu kwenye ghorofa jipya lililojengwa hapo kwa sababu mtaa umechangamka. Hapa wasanii wana hoja nzito wasiyoitumia. Jimbo la Victoria, Australia, tangu 2014, na Uingereza katika mwongozo wake wa mipango miji wa 2018, zimeweka kanuni kwamba anayejenga makazi kando ya ukumbi wa muziki uliokuwepo ndiye mwenye jukumu la kuzuia sauti. Huo ndio mlango wa kugongea diwani akiwa anapitisha kibali cha ghorofa. Likishajaa watu, mmechelewa.

Mama yule alirudi kukagua mara ya pili. Alikwenda moja kwa moja nyuma, daftari kifuani, akausukuma mlango kwa goti. Ukafunguka mpaka mwisho. Aliandika, akapita kwenye ile meza, akachungulia kopo.

"Mwenye mswaki yuko wapi?"

Nikamwambia amepanga chumba, mbali kidogo. Ni kweli. Watatu wetu walihama, maana vyumba vya kulala hatukuweza kuvihalalisha. Siku hizi anafika saa sita mchana na kuondoka kabla usafiri haujaisha, na picha kubwa aliyoianza mwaka ule bado imeegemea ukutani, nusu yake nyeupe.