Betri Imechoka, au Haijashiba Chaji?

Swali: Betri ya Toyota IST yangu imetimiza miaka mitatu. Asubuhi stata inazunguka kwa kusuasua, siku nyingine gari linawaka bila shida. Fundi anasema ninunue mpya. Nitajuaje kama kweli imekwisha? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Kwa joto la pwani, miaka mitatu ni umri mkubwa. Joto hukausha maji ya ndani na kuharakisha kutu kwenye vyuma vinavyoshika bamba za risasi, ndiyo maana betri ya aina hiyohiyo ikitumika Njombe hudumu zaidi. Hata hivyo, umri peke yake si hukumu. Betri iliyochoka na betri isiyoshiba chaji zina dalili moja. Ikiwa yako haishibi, hata mpya utakayonunua itakufa mapema.

Anza na teminali, yaani nguzo za betri zinazoshika waya. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua ya hasi kwanza (spana namba 10), kisha ya chanya. Safisha kwa brashi na maji ya moto yenye kijiko cha magadi soda, bila kuyaingiza kwenye matundu ya betri. Kausha, rudisha chanya kwanza. Magari mengi "yenye betri mbovu" hupona hapo.

Tatizo likibaki, tumia mita ya kupimia umeme, mkao wa DC 20. Gari lilale usiku kucha, na boneti uifungue tangu jioni ili asubuhi usiwashe taa za ndani kwa kufungua mlango. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 inakaribia kuwa tupu. Halafu mtu apige stata huku ukitazama mita: volti zitashuka, lakini zisipite chini ya 9.6. Injini ikishawaka, na taa na AC zikiwa zimewashwa, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Ukiwa chini ya 13.5, kagua alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) na mkanda unaoizungusha, kabla ya kutoa hela ya betri. Ukipita 15, alteneta inaichemsha betri.

Ikiwa asubuhi inasoma 12.6 lakini stata inaiangusha hadi 8, inunulie mbadala. Ikiwa ilisoma 12.0, usiihukumu bado. Ichaji polepole kwa ampea 4 au 5, saa kumi hivi kwa betri ya ampea-saa (Ah) 45, iache ipumzike usiku mmoja, upime tena. Ikibaki karibu na 10.5, seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna chaja ya kuifufua. Iliyovimba ubavu au yenye harufu ya mayai viza usiichaji kabisa, itoe.

Ikishika chaji vizuri lakini ikaisha tena gari likiwa limezimwa, kuna kifaa kinachonyonya umeme, mara nyingi alamu au redio iliyofungwa ovyo. Gari lililolala lisivute zaidi ya miliampea 50.

Swali: Betri yangu ya vifuniko imepungua maji. Niongeze asidi? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Hapana. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi utaikoleza hadi iziharibu bamba. Weka maji maalumu ya betri (distilled water), yafunike bamba kwa sentimita moja hivi. Ya bomba yana chumvi. Baada ya kuchaji pima kwa haidromita, kifaa cha kupima ukolevu wa asidi: seli nzima husoma 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya 0.050, hiyo betri imefika mwisho.

Swali: Ya zamani imeandikwa 46B24L. Dukani wana NS60 na 46B24LS. Ni kitu kimoja? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Karibu sawa. NS60 ni jina la zamani la saizi hiyo, na 24 ni urefu kwa sentimita. L na R zinaonyesha upande wa chanya. Ukikosea, waya hazitafika au utazigeuza. S ya mwisho ni nguzo nene. Klempu ya nguzo nene haibani nguzo nyembamba, na wale wanaochomeka kipande cha bati katikati ndio haohao wanaorudi wiki ijayo kulalamika kwamba gari haliwaki.

Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni linataka betri ya kazi hiyo, kama N-55 au Q-85. Ya kawaida haitadumu. Soma tarehe ya kutengenezwa, na kabla hujalipa omba wapime: chini ya 12.4, iache dukani.