Kabla hujachora bodi, uliza umeme upo kiasi gani

Juzi kijana mmoja wa Pongwe ameniandikia: "Shikamoo kaka. Moduli yangu ikiwa mezani inafanya kazi siku nzima. Nikiifunga kwenye paneli ya umeme inajizima kila ikitaka kutuma meseji. Programu nimeikagua, haina kosa."

Nakuamini, mdogo wangu. Moduli yako ina njaa ya umeme.

Nakujibu nikiwa na furaha, maana mwezi uliopita moduli yangu ilikubaliwa kwenye kiwanda kimoja cha mkonge nje ya mji wa Tanga. Inahesabu mizunguko ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, na kumtumia msimamizi meseji mashine ikizidiwa. Kwenye kikao cha kwanza mhandisi mmoja aliigeuzageuza mkononi, akasema vitu vya kuundwa mtaani Ngamiani havikai paneli moja na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) ya Ujerumani. Alisema mbele ya watu. Neno lile mpaka leo linaniuma. Nilifungua daftari nikamsomea hesabu ya umeme, mstari kwa mstari. Alinyamaza, halafu akaomba aupige picha ukurasa ule.

Hesabu yenyewe ni hii. Pale kiwandani PLC ni Siemens S7-1200, CPU 1214C. Wengi wetu tunachukua volti 24 kwenye tundu lake la kulisha sensa (vihisi), kwa sababu liko karibu na nyaya ni fupi. Tundu hilo linatoa miliampea 400, basi. Ingizo zake 14 zikilishwa hapohapo, kila moja inakula miliampea 4, tayari 56 zimeondoka. Sensa zenyewe bado hujazihesabu. Chakula cha watu wanne hakiongezeki kwa sababu wageni wamebisha hodi.

Sasa modemu, kile kipande kinachotuma meseji kwa laini ya simu. SIM800L ikituma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa volti 4 hivi, yaani wati 8. Kigeuzi kizuri cha volti, chenye ufanisi wa asilimia 85, kingehitaji karibu miliampea 390 za volti 24 kama kilele hicho kingedumu. Hakidumu: ni mikrosekunde 577 katika kila milisekunde 4.6, kwa hiyo kapasita kubwa (inayohifadhi umeme kidogo) karibu kabisa na modemu inakibeba. Lakini kapasita hiyo nayo inavuta kwa pupa paneli inapowashwa, na PLC inaweza kukata umeme ikidhani kuna shoti. Wekeni kizuizi cha mkondo wa kuwasha.

Kitu kingine ni 7805, chipu ya kushusha volti. Vijana wenzangu, iacheni! Kutoka volti 24 hadi 5, kwa miliampea 200 tu, inaunguza wati 3.8 kuwa joto, ndani ya paneli iliyofungwa, kwa jua hili la Tanga. Nimeona watu wakiilaumu chipu, wakiilaumu bahari na chumvi yake, na kumbe karatasi ya hesabu haikuwahi kuandikwa. Anayetaka kuheshimiwa kiwandani aheshimu kwanza miliampea. Andika kilele, usiandike wastani. Andika kilele, narudia, maana kifaa kinazimika kwenye kilele.

Nyaya nazo zinakula. Kifaa kikiwa umbali wa mita 100, waya wa milimita 0.5 za mraba, kwenda na kurudi, ni omu 7 hivi. Ukivuta nusu ampea umepoteza volti 3.5, na vifaa vingi vya volti 24 vinakubali kushuka mpaka 20.4 tu.

Kwa moduli yako fanya hivi: ipe pawa saplai yake ya kufungwa kwenye reli ya paneli, ya volti 24, na fyuzi yake. Hasi iunganishe na hasi ya PLC ili mawasiliano yasiyumbe, ila chanya yake usiiguse kabisa na chanya ya tundu la sensa, vyanzo viwili vitagombana. Halafu pima volti za modemu wakati inatuma. Maltimita haitaliona shimo la mikrosekunde 577, inahitajika oskiloskopu, kipimo kinachochora volti kadiri zinavyobadilika. Kama huna, njoo na moduli yako karakana tupime pamoja.